Fernando wa Ng'ambo ya Simiyu

Lukresia alivuka Mto Simiyu kwa miguu, viatu mkononi. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na maji yaliyobaki hayakufika kwenye fundo la mguu. Watu wa Ng'ambo walimwona tangu akiwa katikati. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemzuia. Alipofika ukingoni, vijana wawili wenye pinde walijitokeza kwenye matete. Mmoja akatangulia, mwingine akafuata nyuma, wakampeleka kwa Mzee Yakobo bila kumwuliza jina. Jina walilijua. Walikuwa na mdogo wake.

Mzee Yakobo, mtemi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa Ng'ambo, alikuwa ameketi uani akichambua pamba, safi huku, yenye madoa kule. Hakuinua kichwa.

“Mwadila, baba,” alisema Lukresia, akipiga goti.

“Mwadila, mayu. Umekuja kumchukua?”

“Sina ngitili mkononi, baba. Nimekuja kumwazima.”

Sasa mzee aliinua kichwa. “Mtu huazimwa?”

“Ninyi mmemshika rehani. Cha rehani bado kina mwenyewe. Kinaweza kuazimwa kikarudishwa.”

“Mnaona kazi ya diploma?” Yakobo aliwaambia vijana wake. “Inafundisha watu kuazima watu.”

Vijana walicheka. Lukresia hakucheka. Alikuwa mwalimu wa historia mjini Bariadi, alizoea kuchekwa na vijana, na alijua kwamba hapa kicheko kilikuwa ukarimu wa mwisho aliobakiziwa.

Mambo yalianza pamba ilipoanza kupasuka. Ng'ombe wa Ngeleja, kaka yao mkubwa, waliibwa. Ngeleja alikusanya wanaume, wakafuata nyayo hadi ng'ambo ya mto, wakavunja zizi la mtu na kumpiga mwenye zizi hadi akavunjika mkono. Ng'ombe waliokuwamo hawakuwa wa Ngeleja. Yowe likapigwa. Kabla jua halijapanda, Ngeleja na watu wake walikuwa wamezingirwa katikati ya shamba la pamba, pinde pande zote, bila tone la maji. Waliachwa humo kutwa nzima. Jioni Ngeleja alisimama na kuomba kusema, na alilosema ni hili: tuacheni twende, nasi tutawarudishia ngitili.

Ngitili ile ilikuwa eneo la majani yanayotunzwa kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi, upande wa kina Ngeleja, nyuma ya kanisa. Watu wa Ng'ambo walilisha humo tangu enzi za mababu zao. Operesheni Vijiji ilipohamisha watu, mpaka ulichorwa upya ofisini, na ngitili ikaangukia mikononi mwa baba yake Ngeleja. Miaka yote hiyo walikuwa wakiidai. Ngeleja aliapa mbele ya wote kwamba itarudi, na kama dhamana akamwacha mdogo wake wa mwisho, Anatoli. Kisha akavuka mto, akanywa maji, akalala. Ukoo ukakaa kikao ukasema ahadi iliyotolewa chini ya pinde si ahadi.

“Unamtaka wa nini?” Yakobo aliuliza.

“Siku ya Bulabo, sikukuu ya Ekaristi, baada ya misa na maandamano, vijana wa parokia wataonyesha mchezo. Nimeutunga mimi. Ni habari za Fernando, mtoto wa mfalme wa Ureno, zamani sana, miaka zaidi ya mia tano. Nataka Anatoli awe Fernando.”

“Vijana wamekwisha kwenu?”

“Huyo naye aliachwa rehani, baba. Kaka yake alikwenda kuteka mji usio wake, akazingirwa kwa kiu na njaa mpaka wakala farasi zao. Akaahidi kurudisha mji mwingine, ambao baba yao aliuteka zamani. Akamwacha mdogo wake mpaka ahadi itimie.”

Yakobo alilitazama tonge la pamba mkononi mwake. Alitoa jani kavu, akalitupa.

“Nitamleta mwenyewe,” alisema. “Bulabo ni ya Mungu, siku hiyo sigombani na mtu. Lakini jua likizama ninarudi naye. Kesho yake baraza la sungusungu linakaa, na kama ngitili haijarudi, huyo si rehani tena, ni mwizi aliyevunja zizi. Baraza letu halijawahi kumkalia mwizi likamwacha atembee. Umenisikia, mayu?”

“Nimesikia.”

“Basi nenda ukamsalimie. Yuko kwa ndama.”

Anatoli alikuwa akizoa mavi ya ndama kwa jembe lisilo na mpini mrefu. Alikonda. Shingo ilikuwa imeota mfupa ambao Lukresia hakuujua.

“Umekuwa mwembamba.”

“Ndama wao wamenenepa,” Anatoli alisema. “Mtu hawezi kufanya yote mawili. Mama hajambo?”

“Hajambo. Ila chakula hali vizuri. Anatoli, ule mto hauna maji. Hapa hakuna hata mlango.”

“Najua.”

“Kwa nini hutoroki?”

“Nikitoroka mimi ndiye mwizi. Kuanzia hapa mpaka Maswa, mpaka Meatu, sungusungu wanapeana habari. Nitajificha wapi, mjini kwako, chini ya kitanda?” Aliegemea jembe. “Halafu mimi nilisema nitakaa. Kaka ndiye aliyesema atarudi.”

Lukresia alimweleza mchezo. Alimweleza jinsi Fernando alivyozaliwa mgonjwamgonjwa, hakutazamiwa kuishi, akakua akisali kuliko kaka zake wote. Jinsi Papa alivyotaka kumpa kofia nyekundu ya ukardinali naye akaikataa. Jinsi alivyochoka kuwa mtoto wa mwisho asiye na sifa yoyote, akamfuata kaka yake Henrique vitani ili naye apate jina. Jinsi alivyopelekwa Fezi, huko Moroko, na kufungwa minyororo, akalima bustani ya watu na kufagia mazizi ya farasi.

Anatoli aliangalia jembe lake, akacheka kwa pua. “Mwishoni anarudi?”

“Anarudi.”

“Kwenye mchezo, au kweli?”

Lukresia alimwambia yote, kwa sauti ya chini, na Anatoli akasikiliza bila kuinua macho.

“Basi mchezo wako ni wa uongo,” alisema.

“Mama atakuwa amekaa pale mbele. Sitakuua mbele ya mama.”

*

Ngeleja hakuukataa mchezo. Hilo lilimshangaza Lukresia kuliko kama angekataa. Alimkuta akipima kwa hatua kando ya ngitili, kofia ya kampuni kichwani. Ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali iruhusu wafanyabiashara binafsi wanunue pamba. Chama cha ushirika kilikuwa kimefunga ghala, na kampuni moja ilitaka kujenga kiwanda cha kuchambua pamba hapo hapo, kwa kuwa barabara ilikuwa karibu.

“Unajua unaniambia nitoe nini?” alisema Ngeleja. “Zamani haya yalikuwa majani. Sasa ni kiwanda. Vijana hamsini watapata kazi. Na Anatoli akiwa wa kwanza.”

“Anatoli atakuwa marehemu.”

“Yakobo anatisha watu. Hawezi. Kuna polisi, kuna mkuu wa wilaya. Mambo yamebadilika, Lukresia, hata wewe hufundishi hivyo?”

“Basi nenda kamchukue. Nenda na mkuu wa wilaya.”

Ngeleja alikuwa amekwenda mara mbili ofisini, na mara zote mbili aliulizwa kwanza habari ya yule mtu aliyevunjwa mkono.

“Tufanye mashindano,” Lukresia alisema. “Mchezo ukifika pale Wareno wanapobishana, upande mmoja utasema mji urudishwe, upande wa pili utasema usirudishwe. Kila upande na ngoma yake. Watu wahamie wanakotaka, kama kawaida ya uwanja. Wakihamia wanaosema urudishwe, utarudisha ngitili.”

“Na wakihamia kwa wenzao?”

“Nitanyamaza. Sitakuuliza tena.”

Ngeleja alimpa dada yake mkono. Lukresia aliukamata kwa nguvu. Aliamini hakuna mtu mwenye akili ambaye angesikiliza maneno aliyoyaandika akaenda upande wa pili.

Maneno mazuri aliipa kwaya ya Veronica, msichana mwenye sauti ambayo kwa ajili yake hata padri huacha misa ichelewe. Maneno mabaya alimpa Fredrick, kiongozi wa Wagalu, kikundi cha ngoma, ambaye angekuwa askofu, mshauri wa mfalme.

“Mwalimu,” Fredrick alilalamika kwenye mazoezi, “maneno yangu haya hayana hata huruma. Nasema ndugu aoze huko, mji ubaki.”

“Ndiyo. Wewe ni mshauri mbaya.”

“Watanichukia.”

“Ndicho ninachotaka.”

Fredrick alifikiri. “Lakini kucheza nicheze?”

“Cheza unavyotaka.”

Vitambaa alivipata kwa Rahma, mwenye duka la nguo Bariadi, rafiki yake wa tangu shule. Rahma alikata satini nyekundu akasita, mkasi hewani. “Na hao Waislamu wa Fezi, kwenye mchezo wako ndio wabaya?”

“Hapana. Wao walitaka mji wao tu.”

“Haya,” alisema Rahma, akamalizia kukata. “Ingekuwa vingine ningekupa ile inayochuja.”

*

Siku ya Bulabo watu walijaa mpaka kwenye kuta za kanisa. Maua yalikuwa yamemwagwa njia nzima ya maandamano, yakakanyagwa. Nyuma ya jiko la sikukuu wanaume walikuwa wakikatakata nyama. Yakobo alifika na watu wake, pinde begani, Anatoli katikati yao. Walikaa upande mmoja wa uwanja kama wageni wengine. Mama yake Lukresia, Mama Milembe, alikaa mbele kabisa juu ya kigoda chake. Alimwona mtoto wake, hakusimama. Alimtazama tu kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, kama anayekagua ndama aliyetoka kuugua.

Mchezo ulianza vizuri. Watu walimpenda Fernando. Anatoli, mwenye taji la boksi na satini ya Rahma begani, alikataa kofia ya ukardinali kwa adabu kiasi kwamba masista walipiga makofi. Vita vilipigwa kwa mabua ya mahindi. Wareno walizingirwa, wakalamba midomo kwa kiu, na hapo uwanja ulinyamaza, kwa maana kila mtu alijua anachoangalia. Macho yalimwendea Ngeleja. Ngeleja aliangalia mbele.

Henrique wa mchezo akamshika Fernando bega. “Nitarudi na ahadi,” alisema.

“Nitakaa,” Anatoli alijibu. Hakulisema kama mchezaji.

Kisha Lukresia akatangaza mashindano. Fernando abaki katikati peke yake. Kulia, wanaosema mji urudishwe. Kushoto, wanaosema ubaki.

Veronica alianza. Kwaya iliimba kwa sauti nne, polepole, na maneno yalikuwa mazuri yote: damu ya mama mmoja, neno lililotoka kinywani, mji wa mawe usiojua kulia. Wanawake kadhaa walifuta macho. Watu walianza kusogea kulia, taratibu, kwa heshima. Lukresia alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Fredrick hakuimba kwanza. Aliingia kwa nyuma, kofia ya askofu iliyoshonwa kwa gunia la pamba kichwani, akibeba kigoda. Alikiweka chini, akakipangusa, akakikalia. Akainuka, akakipangusa tena, akakikalia vizuri zaidi. “Hiki,” alisema, “ndicho mji.” Watoto wakacheka. Ngoma ikapiga mara moja, yeye akaruka na kigoda kikiwa kimebanwa matakoni, akatua nacho, hakikudondoka. Uwanja ukapasuka kwa kelele. Ngoma zikaingia zote.

*Mji ni mtamu, tumeukalia,*
*ndugu ni ndugu, mama atazaa mwingine!*

Mabega yake yalitetemeka yenyewe, tumbo likaenda kwake, miguu ikaenda kwake. Wagalu nyuma yake walifunga njuga, wakashuka hadi chini kwa pamoja na kuinuka na vumbi. Mtu mmoja alikimbia kutoka kulia kwenda kushoto. Wakafuata kumi. Baada ya hapo hapakuwa na kuhesabu. Akina mama waliokuwa wakifuta macho walivuka wakipiga vigelegele. Vijana wa Yakobo walivuka, pinde zikigongana. Na Yakobo mwenyewe, mtu mzima, mtemi, alisimama ili aone vizuri, akasogea ili asizibwe, akasogea tena, mpaka alikuwa mbele kabisa ya Wagalu anatikisa kichwa kwa furaha.

Upande wa kulia walibaki kwaya, masista na vitoto vilivyolala. Katikati alikuwa Anatoli. Mama Milembe alikuwa palepale kwenye kigoda chake.

Ngoma zilikatika. Ngeleja alisimama.

“Watu wameamua!” alipaza sauti. “Mashahidi ni ninyi wenyewe. Na tazameni, Mzee Yakobo huyu hapa kwangu, na watu wake wote! Wenyewe wamesema mji usirudishwe!”

Kicheko kilianza, kikafa. Yakobo aliangalia miguu yake, kisha akaangalia mahali alipokuwa amekaa. Uso wake ulibadilika.

“Nimekuja kuona ngoma,” alisema.

“Uwanjani aliyehama amehama, baba. Hiyo hukuitunga wewe wala mimi. Tangu babu zetu, mwenye kuhama harudi.”

“Kweli. Ngoma mmeshinda.” Yakobo alisema taratibu, na vijana wake wakaanza kujikusanya nyuma yake. “Mkalie kigoda chenu. Mimi nachukua changu.” Alinyoosha kidole kwa Anatoli.

Pinde zilishuka mabegani. Wanaume wa Ngeleja waliokuwa jikoni kwenye nyama walisogea, visu bado vina mafuta. Padri alisimama mlangoni mwa kanisa na kanzu yake, akainua mikono, na hakuna aliyemtazama.

“Mwalimu!” Fredrick aliita, jasho linamtiririka, bado anahema, hajui kilichotokea. “Malizia basi! Mtoto arudi kwao, tule!”

“Ndiyo, arudi!” wakapokea watu wa nyuma. “Malizia!”

Hapo ndipo Lukresia alipoelewa. Wachezaji walijua mwisho wa mchezo tangu mazoezi, na wachezaji wana mama na dada na majirani. Hapa uwanjani kila mtu alijua kwamba Fernando atarudi vyovyote iwavyo. Ndiyo maana walihama kwa raha. Hakuna aliyedhani anamwacha mtu. Maneno ya mwisho alikuwa nayo kichwani, milango ya Fezi inafunguliwa, kaka wanakumbatiana, na hakuweza kuyatoa.

“Harudi,” Anatoli alisema.

Alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kuongea, na watu wa mbele wakawanyamazisha wa nyuma.

“Dada yangu alitaka arudi. Lakini yule mtu hakurudi. Wakubwa wa Ureno walikaa wakasema kama sisi tulivyosema: ahadi ya kulazimishwa si ahadi. Mji wakabaki nao. Kaka yake mfalme alikufa, watu wakasema ni kwa huzuni. Kaka yake aliyemwacha akaishi miaka mingi, akapeleka merikebu baharini, akasifiwa. Fernando alilima bustani, akasafisha mazizi, akaugua tumbo akafia ndani ya chumba kisicho na dirisha. Wakamtundika ukutani nje ya mji, kichwa chini, bila nguo. Kila aliyepita alimwona.” Alivua taji la boksi, akalishika tu. “Ndio mwisho wake.”

Fredrick alivua kofia ya gunia.

“Hiyo ni Ulaya,” Ngeleja alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda. “Sisi siyo Wareno.”

“Kweli, kaka. Wao walikuwa na bahari katikati. Sisi tuna mchanga.”

Anatoli akatembea kuelekea kwa Yakobo, na Yakobo akampisha apite kati ya vijana wake. Jua lilikuwa limeshagusa paa la kanisa.

Mama Milembe alisimama. Alikunja khanga yake kiunoni, akatembea hadi jikoni, akachukua panga kutoka mkononi mwa mkata nyama, ambaye aliliachia bila kujijua. Watu walimfungulia njia. Walidhani anamfuata Yakobo. Walidhani anamfuata Ngeleja. Yeye alipita kati yao wote akazunguka kanisa, akaenda kwenye ua wa ngitili.

Ulikuwa ua wa minyaa, mnene, mrefu kuliko mtu. Alipiga panga la kwanza. Maziwa meupe yaliruka hewani.

“Mayu!” Ngeleja alikimbia. “Mayu, macho! Utapofuka!”

Alipiga la pili. Tawi likaanguka, utomvu ukamwagika kwenye mkono wake.

“Miche hii nilimshikia baba yenu,” alisema, bila kugeuka. “Yeye anachimba, mimi namkabidhi. Nilikuwa na mimba ya Anatoli. Na nilijua majani ni ya watu. Nilinyamaza.”

“Lete panga, mama.”

“Ukate wewe?”

Ngeleja alirudisha mkono. Uwanja mzima ulikuwa umehamia nyuma yao, watu wa huku na wa Ng'ambo wamechanganyika, na katika kimya kile zilisikika njuga za Wagalu tu, kila mtu alipobadilisha mguu.

“Wote wanaangalia, Ngeleja,” mama alisema. “Mama yako anakata, na wewe umesimama na kofia.” Aliinua panga tena. Lilikuwa zito kwake, liliyumba, na likatua karibu na uso.

Ngeleja alimshika kifundo cha mkono, akalichukua. Sasa lilikuwa mkononi mwake. Aligeuka akamwona Yakobo, na nyuma ya Yakobo Anatoli, satini nyekundu bado begani.

“Nitakulipia ng'ombe,” Ngeleja alisema. “Wengi. Taja.”

“Sikuahidiwa ng'ombe,” alisema Yakobo.

Ngeleja alivua kofia ya kampuni, akaitupa kwenye majani. Akakata. Alikata kwa hasira, kwa mikono yote miwili, bila kurudi nyuma minyaa inapotema, na matusi aliyotukana hayakuwa ya siku ya Ekaristi. Fredrick alikwenda jikoni akarudi na panga jingine, akasimama kando yake.

“Mwache,” Yakobo alisema. “Aliyeahidi alikuwa mmoja.”

Jua lilishuka nyuma ya paa. Ngeleja alikata, akavuta matawi, akakata tena. Shati lilikuwa limelowa utomvu. Mara moja alisimama na kujifuta uso kwa mkono, ndivyo utomvu ulivyomwingia machoni, akaguna, akainama, akabaki ameinama. Lukresia alisogea. Mama yake alimkamata mkono. Ngeleja akapapasa panga chini, akalipata, akaendelea huku macho ameyafumba, akipiga pale alipodhani pana ua, na mara nyingine pakawa na ua.

Shina la mwisho lilipoanguka, mwanga ulikuwa umebaki mwekundu mwembamba juu ya mashamba. Yakobo aliingia kwenye pengo. Alinyoosha mikono pande zote mbili, akageuka nayo taratibu, akapima kama ng'ombe wawili watapita sambamba. Akaenda ndani kidogo, akang'oa jani, akalinusa, akarudi.

Ngeleja alikuwa amepiga magoti, viganja usoni.

“Nsumba, kijana,” Yakobo alimwambia Anatoli, “kamwoshe kaka yako. Kwa maziwa, siyo maji. Maji yanazidisha.”

Anatoli alimtazama mzee, hakuamini. Yakobo alishaanza kuwaita vijana wake kwa mluzi.

Veronica alileta maziwa kwenye kikombe cha jikoni. Anatoli alichuchumaa kwenye matawi yaliyokatwa, akamshika kaka yake kidevu, akakiinua.

“Fumbua.”

“Siwezi.”

“Fumbua, kaka. Ni mimi.”

Ngeleja alijaribu. Jicho la kushoto lilifumbuka kidogo, jekundu, likitiririka, na Anatoli akaanza kumimina.